Ujumbe wa Kila Ijumaa Saa Nne

Ijumaa ya tarehe 18 Julai 2014, saa nne kasoro dakika tano asubuhi, Sajenti Anyelwisye Kibona wa idara ya upelelezi alikuwa ameketi sebuleni kwa Gwantwa, mtaa wa Sogea, Tunduma, akiitazama simu isiyo yake.

Simu ilikuwa imesimamishwa ndani ya bilauri karibu na dirisha, mahali pekee nyumbani humo ambapo mtandao wa Tanzania haukuzidiwa nguvu na wa Zambia. Cherehani ilikuwa imefunikwa kitambaa. Gwantwa, mwenye cherehani hiyo, alikuwa amevaa gauni la kanisani na viatu vya kufunga.

"Kila Ijumaa unavaa hivi?" Anyelwisye aliuliza.

"Kila Ijumaa, afande. Nikishasoma ndiyo navua, naendelea na kazi."

Faili la mume wake lilikuwa jembamba. Yonathani, fundi wa kompyuta katika kampuni ya uwakala wa forodha jirani na mpaka, aliondoka nyumbani Alhamisi tarehe 13 Machi akisema atavuka kwenda Nakonde kutafuta diski. Hakurudi. Tarehe 31 Machi Gwantwa alitoa taarifa polisi. Siku nne baadaye alileta simu kituoni mwenyewe: mume wake alikuwa ameandika kwamba yuko salama. Askari aliyekuwa na faili aliandika kuwa mhusika yuko Zambia kwa hiari yake, akalirudisha kabatini. Lingebaki humo kama Gwantwa hangerudi mwanzoni mwa Julai kuomba jambo moja tu, wamsaidie kuisikia sauti ya mume wake, kwa kuwa huandika tu na hapigi.

Simu ikalia ndani ya bilauri. Anyelwisye alitazama saa yake ya mkononi. Saa nne kamili.

Gwantwa aliusoma ujumbe taratibu, kisha akampa. *Niko salama Gwantwa. Kazi huku haijaisha. Nitarudi.*

"Ni maneno yaleyale ya wiki iliyopita."

"Na ya wiki ile nyingine. Hata zamani alikuwa hivyo. Mwaka mzima, kila Ijumaa saa nne, akiwa kazini ananiandikia, *Mama Ruti, nimekukumbuka.* Hakuongeza neno wala kupunguza. Mume wangu si mtu wa maneno mengi."

"Mama Ruti," Anyelwisye alirudia. "Hapa amekuita Gwantwa."

Gwantwa alishusha macho kwa mtoto, Ruti, aliyekuwa akizunguka meza kwa kujishikilia. "Tangu huyu azaliwe hajaniita Gwantwa. Nilidhani amenikasirikia jambo."

"Namba hii ni ya nani?"

"Ya ofisini kwao. Ukiipigia haipokelewi. Aliwahi kuniambia anaweza kuingia kwenye mashine ya ofisi akiwa popote duniani. Kwa hiyo nikajua anaandika kupitia huko." Alikuwa ameanza kubonyeza vitufe. "Subiri kidogo afande, namjibu."

Anyelwisye alimwacha ajibu. Mkobani alikuwa na karatasi kutoka kampuni ya simu, nayo ilionyesha jambo lililomleta hapa. Tangu Yonathani apotee, kabla ya leo, zilikuwa zimepita Ijumaa kumi na nane, na meseji zote kumi na nane zilitumwa saa nne kamili. Hakuna iliyochelewa hata dakika moja.

* * *

Chumba cha seva kilikuwa ghorofa ya pili ya jengo la kampuni, kidogo kama stoo, na feni mbili zikivuma. Conjesta, fundi aliyeajiriwa mwezi Mei kuchukua nafasi ya Yonathani, alimvutia Sajenti kiti.

"Mimi kompyuta ninayoijua ni ya kuandikia maelezo ya mashahidi," alisema Anyelwisye. "Nieleze polepole."

"Hata mimi nilielezwa polepole, afande." Alichukua daftari lililokuwa limefungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza. "Na huyu huyu unayemtafuta. Sijawahi kumwona, ila mwandiko wake naujua kuliko wa kaka yangu."

Juu ya ukurasa wa kwanza Yonathani alikuwa ameandika: *Mambo ya kila siku.* Chini yake zilifuata amri fupi fupi za mashine, kila moja na maelezo yake. Kujua nani ameingia: `last`. Kujua diski imejaa kiasi gani: `df -h`. Hapo aliongeza, *ikifika 90 usingoje Jumatatu.* Kutafuta neno ndani ya kumbukumbu: `grep`.

"Tuanze na hiyo," Anyelwisye alisema. "Tafuta jina lake."

Conjesta aliandika `grep yona` na jina la faili la kumbukumbu, akabonyeza. Yonathani alikuwa ameiagiza mashine itunze kumbukumbu zake mwaka mzima, kwa hiyo mistari ilikuwa mingi. Alipofika mwisho, skrini ilionyesha Ijumaa ya leo, saa nne na sekunde moja: kikao kimefunguliwa kwa mtumiaji yona. Ijumaa iliyopita, hivyo hivyo. Na ile ya kabla yake.

Anyelwisye alisogeza kiti. "Kwa hiyo anaingia. Mke wake anasema kweli."

"Soma neno lililotangulia, afande."

Alisoma. "CRON."

"Huyo si mtu. Ni ratiba. Unaiachia mashine agizo, nayo inalitimiza kwa jina lako, uwepo usiwepo." Alifungua daftari ukurasa wa nne, akafuata alichokuta: `crontab -l -u yona`. Mstari mmoja ulitokea. Ulianza na sifuri, kumi, nyota, nyota, tano, na mwishoni yalikuwemo maneno yale yale aliyoyasoma Sogea asubuhi hiyo.

"Dakika sifuri, saa kumi, tarehe yoyote, mwezi wowote, siku ya tano," Conjesta alieleza. "Siku ya tano ni Ijumaa."

"Saa kumi ni jioni. Meseji inafika saa nne."

"Mashine haihesabu kama sisi. Kumi yake ndiyo saa nne yetu ya asubuhi. Inatuma kwa modemu hii, ile tunayotumia kuwaandikia madereva wa malori."

Anyelwisye aliusoma tena ule mstari. "Mtu akifa, itaendelea?"

"Itaendelea mpaka umeme ukatike au mtu aifute."

Aliandika hilo kwenye kijitabu chake, akalipigia mstari. Kisha akauliza swali ambalo angeuliza kuhusu hati yoyote: mstari huo uliandikwa lini?

Conjesta alipekua daftari. *Kujua faili limebadilishwa lini: `ls -lc`.* Jibu lilikuja mara moja. Jumatano, tarehe 2 Aprili, saa sita na dakika hamsini na mbili mchana.

"Wiki tatu baada ya kupotea," Anyelwisye alisema.

"Basi labda aliingia kutoka huko aliko."

"Au mtu mwingine. Unaweza kujua?"

Safari hii aliandika `last` kwenye kumbukumbu ya Aprili. Mnamo saa sita na dakika arobaini na moja mtu aliingia kwa akaunti kuu, akatoka dakika kumi na saba baadaye. Conjesta aliweka kidole chini ya neno `tty1`.

"Angetoka mtandaoni pangeandikwa anwani. Hii ni kibodi yenyewe, afande. Hii niliyoishika."

"Alikaa hapa."

"Alikaa hapa. Neno la siri liko nyuma ya jalada la daftari, mwenye kuingia humu halimpi taabu. Na amri ya kubadili ratiba iko ukurasa wa nne."

"Funguo ziko ngapi?"

"Mimi nilichongewa wangu Mei. Kabla ya hapo zilikuwa mbili. Wa Yonathani, na wa Osward, msimamizi wa safari. Swichi ya jenereta iko humu, umeme ukikatika yeye ndiye anayekuja kuwasha."

Bado kulikuwa na uwezekano kwamba Yonathani alirudi kwa siri siku hiyo. Anyelwisye aliuliza kama ule ujumbe wa zamani ulihifadhiwa popote. Ulikuwemo katika nakala rudufu ya tarehe 28 Machi. Conjesta aliziweka nakala mbili mbele ya amri iitwayo `diff`, ambayo huonyesha zilipotofautiana, na mistari miwili ikakaa mmoja juu ya mwingine. Wa juu ulisema Mama Ruti, nimekukumbuka. Wa chini ulisema Niko salama Gwantwa.

"Mtu anayemwita mke wake jina moja kwa mwaka mzima halisahau kwa wiki tatu," Anyelwisye alisema. "Huyu hakujua anavyoitwa nyumbani."

Conjesta alikuwa ameondoa mikono kwenye kibodi.

"Afande, kuna kitu kingine. Modemu hii inapokea pia. Majibu ya madereva yanaingia kwenye folda yake. Yale ya namba zisizo za madereva yanakaa pembeni, na mimi sijawahi kuyatazama."

Waliitazama folda. Yalikuwemo majibu ishirini na matatu, yote kutoka namba moja. Anyelwisye alinyoosha mkono kumzuia Conjesta kabla hajafungua hata moja.

"Inaonyesha kama yamesomwa?"

"Inaonyesha. `ls -lu`. Lakini tukiyafungua sisi, saa zitabadilika."

"Basi chapa orodha kwanza. Tuisaini wote wawili."

Printa ilitoa karatasi. Yale ya Machi yalikuwa yamefunguliwa kwa pamoja tarehe 4 Aprili, na kila jibu la baada ya hapo Ijumaa ileile lilipoingia, kati ya saa saba na saa saba na nusu, muda wa chakula cha mchana. Lile la leo tu halikuwa limeguswa, nayo saa ya ukutani ilionyesha saa sita na robo. Waliliacha lilivyo. Baada ya kusaini, Conjesta alifungua yale ya zamani, akiyasoma kwa sauti ya chini, na sauti hiyo ikazidi kushuka.

*Uko wapi baba Ruti. Ofisini wanasema hawajui.*

*Nashukuru umeandika. Sikulala wiki tatu. Ukishindwa kupiga nibipu tu, nitajua ni wewe.*

*Nimeshona sare za kwaya. Ya kwako nimeacha upindo mrefu, sijui kama umenenepa huko.*

*Ruti ametembea leo. Hatua nne, toka kwenye cherehani mpaka mlangoni. Nimepiga chaki pale alipoanguka uje uone.*

Hilo la mwisho lilikuwa la tarehe 13 Juni. Conjesta aliomba apumzike kidogo. Anyelwisye alikunja orodha, akashuka ghorofa ya kwanza.

* * *

Osward alikuwa mwanaume wa miaka thelathini na tano hivi, shati lililopigwa pasi vizuri, kalamu tatu mfukoni. Alimkaribisha Sajenti kwa heshima na kuagiza chai, ambayo Anyelwisye aliikataa.

"Naomba kitabu cha safari cha mwezi wa tatu."

Osward alikitoa kwenye kabati bila kutafuta sana. Tarehe 13 Machi ulikuwepo mstari mmoja. Pikapu, Tunduma hadi ghala la chumvi Ivuna. Dereva, Osward. Abiria, kistari. Mzigo, kompyuta moja na printa moja. Pembeni yaliongezwa maneno kwa wino mwingine: gari lilisombwa na maji, dereva amenusurika.

"Pole sana," alisema Anyelwisye. "Ilikuwa wapi?"

"Mbele ya Chitete, afande. Kuna mto hauna daraja. Masika unajaa ghafla."

"Ulikuwa peke yako?"

"Peke yangu."

"Kompyuta uliyobeba, nani angeiunganisha Ivuna?"

Osward aligeuza kalamu. "Ningeiacha pale. Fundi angefuata."

"Fundi alikuwa Yonathani."

"Ndiyo. Lakini yeye siku ile alivuka Nakonde. Kila mtu anajua."

"Mlikuwa mnaelewana?"

"Sana. Tulikula pamoja kila siku."

"Mke wake unamtembelea?"

"Tangu mwezi wa pili sijafika kwao. Naona aibu kwenda mikono mitupu."

Anyelwisye alifunga kitabu, akaonekana kama mtu aliyemaliza. "Nilikuwa huko leo. Mama anahangaika. Ana cherehani, ana mtoto anayetambaa, hana wa kumsaidia."

"Ruti anatembea," Osward alisema. "Tangu mwezi wa sita."

Nje lori lilipiga honi kuomba njia kwenye foleni ya mpakani. Anyelwisye alisubiri mpaka likanyamaza.

"Nani kakwambia?"

Sajenti alitandaza karatasi iliyochapwa juu ya meza, ikimtazama Osward, na kidole akakiweka kwenye safu ya saa.

"Bwana Osward, nakuonya. Hulazimiki kusema lolote. Utakalosema nitaliandika, na linaweza kutumika mahakamani. Umeelewa?"

"Nimeelewa." Alizitoa kalamu mfukoni moja baada ya nyingine, akazilaza mezani. "Nilimpigia akiwa njiani kwenda Nakonde. Nikamwambia aache diski, twende Ivuna tumalize ile kazi, kesho tutakuwa tumerudi. Alikuja na begi lake la vifaa. Kwenye kitabu sikumwandika, nilikuwa na haraka."

"Mtoni?"

"Watu walikuwa wamesimama ng'ambo hii wakisubiri maji yapungue. Walitukataza. Yona akasema tusubiri. Mimi nikasema gari liko juu, tutapita." Alisukuma kalamu moja pembeni. "Lilipinduka katikati. Mimi nilishika matawi. Yeye nilimwona mara moja tu, akiwa upande wa chini, halafu sikumwona tena."

"Hao watu hawakusema mlikuwa wawili?"

"Mvua ilikuwa kubwa, wengine walishakimbilia vibandani. Hakuna aliyekuja kuwauliza. Nilipofika hapa wakanipa pole, wakasema Mungu mkubwa. Hawakujua. Siku ya kwanza sikusema, ya pili nikashindwa zaidi."

"Na ujumbe?"

"Ile ratiba aliwahi kunionyesha, tukacheka. Wiki tatu iliendelea kumwandikia mke wake kama kawaida, nami sikuwa na habari. Tarehe 30 nilikwenda bonde la chini kumtafuta. Nikamkuta ameshazikwa na wafugaji. Niliporudi nikasikia Gwantwa amekwenda polisi. Niliogopa, afande. Nikaingia juu, nikabadilisha maneno. Nilijiambia wiki mbili tu, nitapata ujasiri nimwendee."

"Ni miezi mitatu na nusu."

"Alikuwa anajibu." Osward alijifuta uso kwa kiganja. "Nikasoma la kwanza. Nikasoma la pili. Nikawa naingoja Ijumaa kama anavyoingoja yeye. Nilijua siku nikisema ukweli, yote yatakwisha, yake na yangu."

Anyelwisye aliandika maneno hayo yalivyo, akamsomea, akampa asaini. Osward aliuliza kama Gwantwa ataelezwa leo. Sajenti alisema atakwenda mwenyewe, sasa hivi, kabla ya mtu mwingine.

Alimkuta akishona, gauni la kanisani likiwa limetundikwa ukutani. Hakuzunguka. Alimwambia mume wake alifariki tarehe 13 Machi katika mto mbele ya Chitete, kwamba wafugaji walimzika na gari la polisi lingekwenda huko kesho, na kwamba zile meseji zilitumwa na mashine, kwa mkono wa Osward. Gwantwa alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. Kwa muda mrefu alikuwa akitazama kitambaa kilichokuwa chini ya sindano.

"Zile za kwanza tatu," alisema hatimaye. "Za Machi. Hizo nani alituma?"

"Hizo ziliandikwa na Yonathani. Zaidi ya mwaka nyuma. Hakuna aliyezigusa."

Alitikisa kichwa kukubali. Kisha akauliza gari linaondoka saa ngapi.

* * *

Jumamosi walipita Chitete asubuhi. Barabara ilikuwa vumbi tupu, na mto ule ulikuwa mchanga mweupe wenye nyayo za ng'ombe. Gari la polisi lilivuka bila kubadili gia. Osward alikuwa nyuma, pingu mkononi, kati ya askari wawili. Gwantwa aliketi mbele, Ruti akilala mapajani mwake. Kibali cha mahakama cha kufukua kingetoka Jumatatu. Safari ya leo ilikuwa ya kuonyeshwa mahali na kuandika maelezo ya mashahidi.

Boma la Nkwabi, mmoja wa wafugaji waliomzika Yonathani, lilikuwa kwenye mbuga, kabla ya Ivuna, nyumba tatu za udongo na zizi kubwa. Nkwabi alikuja kuwapokea akiwa na fimbo mkononi, mke wake Germana nyuma yake. Alipomwona Osward akishuka, hakuziangalia pingu.

"Umechelewa," alimwambia. "Ulisema unakwenda kuwaambia ndugu zake, unarudi nao. Tumekungoja tangu masika."

Osward aliinamisha kichwa.

Nkwabi alieleza bila kuulizwa mara mbili. Maji yalipopungua vijana wa malisho walimkuta kijana amelala kwenye majani. Njia zote zilikuwa zimekatika, na mwili usingengoja. Walimwita mwenyekiti wa kitongoji akashuhudia, wakamfunga shuka jipya, wakamzika. Hawakujua jina wala dini. Germana aliomba sala aliyoijua yeye, na jirani yao Mwislamu akaomba ya kwake.

"Tukaweka uzio wa miiba," Germana alisema, akimwambia Gwantwa tu. "Ng'ombe wasimkanyage. Nilikuwa nawaambia watoto, huyu ana mtu wake, atakuja tu."

"Ahsante, mama," Gwantwa alisema.

Kaburi lilikuwa hatua mia moja hivi nyuma ya zizi. Miiba ilikuwa imepangwa mara mbili, na sehemu moja ilionekana kuongezwa siku za karibuni. Anyelwisye alipima umbali, akachora ramani, akaandika majina. Kazi ilipokwisha aliwaashiria askari wasogee kando, na yeye mwenyewe akarudi nyuma.

Gwantwa alimkabidhi Germana mtoto. Nkwabi aliinua miiba kwa fimbo akamfungulia njia, naye akaingia akasimama, akilitazama tuta la udongo uliokauka, ambalo pande zake mbili zilifanana.

"Baba," alimwambia Nkwabi, "kichwa mlikilaza upande gani?"

Nkwabi alimwonyesha kwa fimbo. Gwantwa akakunja kitenge chake, akaketi chini upande huo.